Pembe ya Nne

Mjomba wangu Zenon alikuwa na sarafu tatu za Marekani, za fedha, zenye kichwa cha mwanamke, kila moja ikilingana na ukucha wa kidole gumba. Alizichimba mwenyewe katika msitu wa Krywula. Alizilaza juu ya pamba ndani ya kopo la tumbaku, na alikuwa amezisugua kwa majivu hadi zikang'aa kama zimetoka kiwandani jana. Mgeni aliyekaa jikoni kwake hadi chai ya pili lazima aonyeshwe.

"Zilifikaje huku milimani kwetu?" wageni waliuliza.

"Labda Mmarekani alibanwa na haja akiwa njiani," mkewe Bogusia alijibu, "akaingia porini, mfuko ukamwagika."

Krywula zamani kilikuwa kijiji. Mwaka 1947 wanajeshi waliwahamisha watu wote kwa treni za mizigo. Nyumba zilichomwa, mawe ya misingi yakabebwa kujengea barabara, na serikali ikapanda misonobari juu ya kila kitu. Zenon alikwenda huko wakati wa baridi, kwa sababu magugu yenye kuwasha yamelala na walinzi wa misitu hawapendi kuacha jiko. Chini ya misonobari theluji huwa nyembamba na udongo haugandi sana. Kibali cha kupita na mashine ya kusaka chuma hakuwa nacho.

Alichojivunia hasa ni usafi wa kazi yake. Alikata ukoka kwa sepetu kama kifuniko cha sufuria, akatoa kitu, akarudisha udongo, akaukanyaga na kutawanya majani juu. "Hata nguruwe mwitu hajui kama nimepita," alisema.

Januari moja, siku chache kabla ya Krismasi ya watu wa Krywula, ambao kanisa lao huisherehekea Januari, Bibi Paraska alimwita Zenon nyumbani kwake. Alikuwa mmoja wa wachache waliorudi kutoka uhamishoni, na aliishi mwisho wa kijiji chetu.

"Zenon, kaa. Unajua wanaikata Krywula?"

"Nimeona miti imepakwa rangi, Bibi."

"Mdogo wangu yuko kule." Alimmiminia chai. "Alikufa kabla ya kubatizwa. Padri alikataa kumzika makaburini, baba akamzika chini ya kizingiti chetu. Hata jina hakuwa nalo. Sasa bwana misitu ananiambia, Bibi, nionyeshe mahali, nitafunga utepe na mashine zitapita pembeni, lakini siwezi kuacha kilima kizima. Nimekwenda, nikaona miti tu. Nilitoka pale nikiwa na miaka sita. Lakini wewe una ile fimbo yako inayolia."

"Bibi, misumari imejaa kule. Nitaijuaje nyumba yenu?"

Paraska akacheka kidogo. "Babu yangu alichimba makaa ya mawe Marekani. Aliporudi alijenga, na chini ya kila pembe ya nyumba akaweka sarafu ya huko. Majirani waliweka za Kaisari wetu kama watu wengine, yeye akajifanya tajiri. Krywula nzima hakuna nyumba nyingine ya hivyo."

Zenon alikishika kikombe bila kunywa. Hapo ndipo angesema. Badala yake alisema, "Nitajaribu, Bibi," akatoka bila kofia, ikabidi arudi kuichukua.

"Hukumwambia?" Bogusia alimuuliza jioni.

"Ningemwambia nini? Kwamba nimeng'oa pembe tatu za nyumba yake na sikumbuki nilizing'oa wapi?"

"Kwa hiyo?"

"Pembe ni nne. Moja bado ipo."

Alitafuta wiki baada ya wiki, kila alipotoka kiwanda cha mbao na giza halijaingia. Mashine ililia, akachimba vifuniko vya bia, maganda ya risasi, kipande cha mundu. Alikumbuka mteremko na mplamu wa bustani uliogeuka mti wa porini, lakini miteremko ni mingi na miplamu ni mingi. Alipiga magoti kwenye theluji akitafuta alama ya mashimo yake mwenyewe, hata moja tu. Alikuwa ameyaziba vizuri mno.

Bogusia alichoka kumwona akirudi amelowa. "Chagua mahali pazuri, uzifukie hizo tatu. Mama wa watu awashe mshumaa wake, roho itulie. Kwani atajua?"

"Usiniambie maneno hayo."

Siku mbili baadaye alilibeba kopo kwenda nalo msituni.

Jumamosi, Zenon akiwa amesema amepapata mahali, bwana misitu alimvuta Paraska kwenye kitelezi cha kubebea kuni, amefungwa blanketi, na mshumaa mapajani. Zenon alipitisha mashine kwenye uwanda mdogo kati ya miti. Ikalia. Akasogea hatua kadhaa, ikalia tena, halafu mara ya tatu.

"Ya nne sikuipata, Bibi."

"Nitolee moja niione."

"Tuziache tu, ni za nyumba."

"Nimesema nitolee!"

Akachimba. Paraska aliipokea sarafu kiganjani na kuigeuza. Ilimetameta kuliko theluji.

"Imelala ardhini miaka mia," alisema polepole, "na haina hata doa."

Zenon alikuwa bado amepiga magoti.

"Ulikuwa nazo."

"Ndiyo, Bibi."

"Siku ile nakumiminia chai, ulikuwa nazo."

"Ndiyo."

"Na nyumba iko wapi?"

"Sijui. Ni karibu na hapa, lakini sijui."

Bwana misitu alizungusha utepe mkononi. "Sasa nifunge au nisifunge?"

"Nyumbani kwetu, usiku kitandani tulisikia maji," Paraska alisema. "Nyie hapa mnasikia maji?"

Bwana misitu alitega sikio, akatikisa kichwa.

"Basi usifunge."

Alidai zile nyingine mbili pia, akazitia zote ndani ya glavu yake. Mshumaa ulirudi bila kuwashwa.

Mashine za magogo zilianza Jumatatu. Zenon alihamia kando ya kijito, akitafuta mbele ya wakata magogo, na kila siku wakawa wamemkaribia zaidi. Dereva mmoja alimpigia honi. "Mzee, unatafuta meno yako?" Kisha wakampita.

Mwishoni mwa Februari theluji ililegea. Jumapili, mashine zikiwa zimelala, Zenon alishuka ndani ya mifereji iliyochimbwa na magurudumu yao, maji ya matope yakimfika juu ya vifundo. Mashine yake ikalia, mlio mwembamba na safi. Kwenye ukuta wa mfereji, chini kidogo ya mizizi iliyokatika, kilijitokeza kitu cheusi kama kigaga cha kidonda. Alikifuta kwa kidole gumba. Kikatokea kichwa cha mwanamke.

Alivua visikizio masikioni. Maji yalisikika.

Upande mmoja lilikuwa rundo la magogo, upande wa pili mfereji mwingine, mpana kuliko huu. Kizingiti kilikuwa wapi? Paraska ndiye angejua, kama angekubali kuja. Zenon aliisukuma sarafu irudi ilipokuwa. Hakuziba kitu. Alisimika sepetu kando yake, akaivika kofia yake, akateremka kijijini kichwa wazi.

Alibisha mlango. Ndani hatua zilikuja, zikasimama.

"Ni mimi, Bibi. Nimeipata ya nne."

"Umeing'oa?"

"Hapana, iko pale pale. Maji yanasikika."

"Na mashine?"

"Zimepita, Bibi. Zimepita hapo hapo."

Mlango haukufunguka. Zenon alisubiri, matope yakimgandia miguuni. Alikuwa karibu kuondoka aliposikia ndani kiti kikivutwa, kisha kiatu kimoja kikigonga sakafu, kisha cha pili.

"Ingia unifungie kamba," Paraska alisema. "Mgongo haukunjiki."