Karatasi ya Damu Kabla ya Shukrani

Kuna Alhamisi moja ambayo sijaweza kuisahau, mwanangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na kichwa kigumu kuliko sasa, ingawa ndugu zako watakwambia hakijalainika. Baba yangu, muuza nyama wa Soko la Burma, alikuwa ametibiwa mieloma, saratani ya uboho, ikatulia. Kila mwezi alitolewa damu, nami ndiye niliyechukua majibu maabara na kuyapeleka kliniki.

Alhamisi hiyo protini ambayo ugonjwa huu huiachia kwenye damu ilikuwa imepanda maradufu. Niliisoma karatasi mara tatu. Lakini Baba alikuwa Burma akipasua mifupa kwa shoka, hana maumivu, anawatania wateja. Na Jumapili tulikuwa na ibada ya shukrani juu ya paa la ploti yetu, jengo la vyumba vya kupanga, kule Kware. Kamba za nguo zilikuwa zimeshafunguliwa, viti vimekodiwa, mbuzi amenunuliwa. Nikajiambia kwamba asiyeumwa hajarudiwa na ugonjwa. Kliniki nikawaambia majibu yamechelewa.

Baba alisimama akamshukuru Mungu kwa kupona. Watu waliimba mpaka wapangaji wa ghorofa ya jirani wakajiunga. Mimi niligawa pilau.

Mwezi uliofuata majibu yalionyesha figo zimeanza kulegea. Hapo ndipo nilipotoa karatasi zote mbili kliniki, Baba akiwepo.

Daktari, mama mpole, alizilinganisha. "Huu ugonjwa haurudi kwa njia moja," akasema. "Kuna ule unarudi kwa damu peke yake, mtu hasikii kitu. Ukipanda polepole, tunaufuatilia tu. Ukipanda mbio hivi, tunaanza dawa. Halafu kuna ule unagusa figo, mifupa, ama mtu anaishiwa damu. Hii karatasi ya kwanza ilikuwa ituonyeshe mapema."

Baba hakupiga kelele. Tulipoketi kwenye benchi nje ndipo aliponiuliza, "Ulijua, na ukaniacha nisimame mbele ya Mungu niseme nimepona?"

"Niliogopa, Baba."

"Hata mimi naogopa. Lakini damu ni yangu. Ningeshukuru tu, ila ningeshukuru nikijua."

Nililia kwa aibu pale pale, watu wakitazama. Dawa zilianza siku hiyo, figo zikapata nafuu, na Baba akauza nyama miaka mingi baadaye.

Sasa wewe ndiye unayebeba faili la mama yako, naye ana mieloma hiyo hiyo. Usiupime ugonjwa huu kwa uchangamfu wake. Peleka majibu siku hiyo hiyo, hata kama nyumba imejaa wageni. Uliza protini imepanda kiasi gani, kwa muda gani, na figo na mifupa viko vipi. Si kila kupanda kunataka dawa, na kazi ya kutofautisha ni ya daktari, si yako. Mama yako asifichwe neno.

Mungu akupe ujasiri wa kusema ulichokisoma, mwanangu, na mama yako azeeke ukimwona.