Fundi Bomba wa Dirishani

Wiki jana chaja ya simu ilipata moto dukani kwangu Matrah, ikatoa harufu ileile ya plastiki ya deki ya video yetu ya nyumbani Khuwair, nami nikaudhika upya. Utotoni, kwa deki hiyo, filamu moja ya Kifaransa tuliitazama mara saba. Nimehesabu tena: saba.

Ilikuwa kongwe, ya kuchekesha, nyeusi na nyeupe, ya wanawake wanne waliopanga nyumba moja wakigombea bafu. Aliyeileta ni mama yangu mdogo, Salma. Alikuwa kapata kazi ya ualimu mji wa mbali, Sur, akitaka akakae na walimu wenziwe wa kike, na Bibi kakataa katakata: mwanamke asiyeolewa hakai na watu asiowajua. Basi Salma akajitia mkalimani wa filamu, apate kumlainisha Bibi. Kifaransa chake kilikuwa cha masomo sita, na mawili hakuhudhuria.

Kila baada ya alasiri Bibi husema, "Hebu watie tena wale wanawake."

"Huyu mnene anasema mama yake kamruhusu," Salma akaanza siku moja, "kwa sababu nyumba ina heshima, haingii mwanamme."

Papo hapo mwanamme mwenye masharubu akaingia kwa dirisha.

"Na huyo?" Bibi akauliza, kama alivyouliza jana na juzi.

"Fundi bomba, Mama."

"Wa dirishani?"

"Mlango umekwama."

Mimi, msichana wa miaka tisa nisiyestahamili hesabu isiyolingana, nikadakia: "Jana ulisema kaka yake! Na juzi daktari!"

Salma alinifinya paja mpaka machozi yakanitoka. Mama yangu akazima televisheni. Nikajua safari ya Sur nimeiua mimi, na bado nikaona nimeonewa: nasema kweli, nafinywa!

Bibi akamaliza kahawa yake, akakitikisa kikombe kwamba inatosha.

"Hiyo nyumba ya Sur, madirisha yana nondo?"

"Nnakwenda kuangalia, Mama."

"Hwendi peke yako. Ijumaa nnakwenda nawe. Na huyo fundi wako nisimkute huko."

Mwezi uleule Salma akahama. Mimi radhi sijaombwa mpaka leo.

Majuzi nimeipata filamu hiyo kwenye simu, na tafsiri chini. Mwenye masharubu ni jirani, kaja kumtafuta paka wake. Salma hakupatia hata neno moja.

Lakini nimeuza vitambaa miaka mingi sasa, na mteja anayekataa namjua: haulizi kama rangi inachuja, anakwenda zake. Bibi aliuliza nondo. Na ile kanda, mara zote saba, nani aliyesema itiwe?

Nimehesabu mara mbili. Bibi.