Mke wa Karani Halimi

Nilipoolewa na karani wa ofisi ya barabara pale Makambako, mama mkwe alinipokea kwa sharti moja: nisiguse jembe. Mke wa karani halimi! Enzi hizo za Waingereza, mwanamke wa Kibena asiyelima alikuwa ama mgonjwa ama mke wa mtu mkubwa. Mimi, bila kujua, nilikuwa njiani kuwa vyote viwili.

Nikawekewa kiti barazani, nikapewa uzi na sindano nifume vitambaa vya meza. Meza yenyewe tulikuwa nayo moja. Maji yaliletwa na kibarua, kuni kibarua, shamba kibarua. Na mimi nikachoka. Nakuambia nilichoka kama niliyebeba mawe, ilhali kazi yangu kubwa ilikuwa kusogeza kiti nikilifuata jua. Usiku macho makavu, asubuhi mwili mzito, hata chai hainipiti kooni.

“Pumzika zaidi,” mume wangu akasema. Maskini, alinipenda. Nikapumzika zaidi, nikazidi kuumwa. Akaninunulia vidonge, nikameza vyote. Mama mkwe yeye akaona nimerogwa na majirani wenye kijicho, kwa ajili ya kile kiti. Mwishowe wakaamua nirudi kwetu Mjimwema, Njombe, nikatulie.

Hapo moyo ulinipasuka. Mke anayerudishwa kwao mgonjwa, tena kabla hajazaa, anaweza asifuatwe tena. Mume wangu alifunga sanduku langu bila kunitazama, nikajua naye analijua hilo. Nililia ndani ya lori mpaka Njombe.

Mama hakunipa hata nafasi ya kueleza ugonjwa. Kilikuwa kiangazi, wakati wa vinyungu, zile bustani zetu za bondeni, na dada zangu wote walikwisha kuolewa.

“Pole, mwanangu. Utanieleza vizuri tukifika bondeni,” akasema, akanishikisha jembe.

Msidhani alikuwa akinitibu. Alihitaji mikono tu.

Siku ya kwanza nilidhani nakufa, na nilifurahi kidogo kwamba mume wangu atajuta. Kushuka bondeni, kulima, kisha kupanda kilima na mzigo wa kuni! Viganja vilitoka malengelenge. Jioni nilisinzia tonge likiwa mkononi. Lakini majuma yalivyokwenda nikajikuta napanda kilima kile kile nikiimba, na usiku nalala fofofo. Mama akalalamika kwamba nakoroma kama mwanamume.

Ndipo mume wangu akaja. Alinikuta natoka bondeni, kuni kichwani, akanitazama kama mgeni. Ndani, macho chini kama inavyompasa mkwe, akauliza nimepewa dawa gani.

“Dawa?” mama akashangaa. “Kwani nani mgonjwa?”

Nikamwambia mume wangu mimi mwenyewe, uani. Nitarudi naye, lakini na jembe langu.

“Watu watasema nimeshindwa kukulisha.”

“Na wakisema umeoa maiti?”

Mdomo wangu ulikuwa mkali, lakini moyoni niliogopa, maana angeweza kuondoka peke yake na pasiwe na wa kumzuia.

Asubuhi akalichukua lile jembe, akalifunga ndani ya koti lake la mvua, akalipakata garini njia nzima kama mtoto mchanga. Tuliposhuka Makambako, wenzake wa ofisini walikuwa wamesimama mbele ya duka, na mpini umechomoza kwenye koti.

“Kamwene, karani! Umenunua bunduki?”

Nikangoja uongo. Alikuwa msomi, uongo mzuri hakuukosa.

“Ni jembe,” akasema kwa sauti. “La mke wangu. Bila hili hapati usingizi.”

Lo, walicheka mpaka wakashika magoti! Nilitaka kucheka nao, machozi yakanitangulia. Kesho yake nililima mbele ya nyumba, si nyuma, kila apitaye aone, na mume wangu akasimama pale akijifanya anatafuta kofia.

Kile kiti alikichukua mama mkwe, kisipotee bure. Haukupita muda mrefu akaanza kulalamika kwamba usiku hapati usingizi.