Majibu ya Mbuzi wa Mackinnon Road

Juma lililopita nilikuwa barazani kwa hoteli moja ya Diani, watafiti wa mifugo walipotoka mkutanoni kunywa chai. Upepo ulikuwa mwanana, na watu walipeana kadi polepole kama walio usingizini. Binti mmoja mtafiti, aliyekuwa akitafuta kazi, alimwamkia mama mfugaji aliyealikwa kutoka mji mdogo wa Mackinnon Road.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwaka juzi mlikuja mkawatoa mbuzi wangu damu. Majibu hatujayaona hata leo."

Binti aliweka kikombe chini. Alitoa mkobani ripoti yake ya utafiti huo, iliyoandikwa kwa Kiingereza, akaanza kumweleza kwa Kiswahili, kidole kikifuata mistari. Chai ilipokwisha, ukumbini jina lake liliitwa mara mbili, kwani ilikuwa zamu yake kuzungumza mbele ya wakubwa ambao wangeweza kumwajiri. Nilimwona akisita, kisha akafungua ukurasa mwingine.

"Kwa hiyo mbuzi wangu waliokufa, waliuawa na kupe?" mama aliuliza taratibu.

"Ni kupe, mama. Na dawa ya kuogeshea ipo."

Mama alifumba macho kitambo, kama anayewaona mbuzi wake wakipita mmoja mmoja.

Kazi binti hakuipata. Lakini katika mikutano yote niliyohudhuria, huo ndio utafiti wa kwanza niliouona ukiwafikia wenyewe.