Bunduki Nyeusi ya Shemeji Yangu

Wapo watakaosema jua lilinipiga kichwani. Waseme. Haya yamenifika mimi mwenyewe, sikuhadithiwa, na ndugu yangu Suleiman yu hai, kamuulize. Nisikilize tu mpaka mwisho, maana hata leo nikiyakumbuka damu inanichemka.

Ilikuwa hapa hapa Maskati, miaka ya tisini inaishia. Ruhusa ya silaha nimeshaipata, nataka bunduki ya kujipakia yenyewe, ile ukifyatua risasi moja ya pili inaingia bila ya wewe kuvuta komeo. Shemeji yangu Harith, mume wa dada yangu, alikuwa anauza mbili. Alasiri moja akatuchukua mimi na Suleiman mpaka kwenye wadi kavu nyuma ya Ansab, bonde la mto usio na maji, mawe matupu, nizijaribu kabla sijaamua. Suleiman akaenda kuweka kopo la maziwa juu ya jiwe kule mbali, akarudi.

Nikaanza na ya kitako cha mti. Nzito, inapiga bega teke, na kwa mchanga kidogo tu ikakwama. Lakini kopo nililipata. Suleiman akalisimamisha tena, nikashika ya pili: nyeusi, nyepesi kama bakora, ina darubini juu yake. Nikasema moyoni, hii ndiyo yangu. Nikafumba jicho moja, nikalenga.

Pembeni ya kopo amesimama mzee wa kanzu ya kahawia, ananitizama.

Nikaishusha bunduki. Jiwe na kopo, basi.

"Harith, kuna mzee kule."

"Hakuna mtu. Piga."

Alisema hivyo bila ya kuinua uso, anajifanya anapangusa vumbi kwenye mkoba wa bunduki. Angelitizama mara moja tu nisingelikasirika. Hakutizama.

Nikadhani ni kioo. Nikamwambia aitoe ile darubini aifunge kwenye bunduki ya mti. Nikatizama: kopo na jiwe. Nikaishika tena ile nyeusi, sasa kwa jicho tupu. Mzee yuko pale pale, tena kasogea. Niambie wewe, hiyo nayo ni kazi ya kioo?

"Mie sipigi," nikasema.

"Unaogopa bunduki, shemeji? Nimekwambia hakuna mtu. Suleiman kenda garini kunywa maji. Piga."

Maneno yale yalinichoma. Nikalenga kwa hasira, kidole kimeshagusa kifyatulio. Mtu akatokea tena pembeni ya kopo, lakini huyu akainama. Yule mzee hakuinama hata mara moja. Nikaishusha bunduki, na huyu hakuondoka. Alikuwa Suleiman. Upepo umeangusha kopo, yeye katoka garini kazunguka kwa nyuma ya mawe kwenda kuliweka sawa.

Nikatoa kidole kwenye kifyatulio, nikaiweka bunduki chini. Kisha nikamtolea Harith maneno ambayo sitayarudia hapa, nikaenda zangu garini.

Kwenye kivuli cha gari ameketi yule mzee. Nikamtolea salamu, wallahi, akaitika vizuri kabisa kama jirani yangu. Kifuani kanzu yake ilikuwa imeganda damu, nyeusi.

"Mwambie Harith nilikuwepo," akasema.

Nikageuka kumwita Suleiman. Nilipomtizama tena, hapana kitu.

Nikarudi nikampa Harith ujumbe wake. Rangi ikamtoka. Akaniuliza, "Kanzu yake rangi gani?"

Mtu asiyejua kitu huuliza hivyo?

Akakaa chini akasema yote. Mzee alikuwa mchunga mbuzi wake. Harith alikuwa anaijaribu bunduki ile ile jabalini, kaona kitu kinatikisika, hakungoja kujua ni nini, akafyatua. Watoto wa marehemu akawaambia baba yao kaporomoka, na maiti akaikosha yeye mwenyewe, asije mwengine akaona tundu. Halafu silaha hiyo anitie mkononi mimi, ndugu wa mkewe!

"Nenda kawaambie wanawe," nikamwambia.

"Marehemu keshapumzika. Unataka kumvunjia dada yako nyumba?"

Nilikwenda mwenyewe, jioni ile ile, na Suleiman pamoja nami. Wale watoto walilia, kisha wakenda polisi. Harith akafungwa. Baadaye watoto wa marehemu wakamsamehe damu ya baba yao, akatoka. Wao wamesamehe, Mungu awalipe. Mimi bado. Dada yangu hatii mguu kwangu mpaka leo, anasema nimemchagua maiti nikamwacha yeye. Na bunduki sikununua hata moja. Nikiishika ya mtu, bega linakufa ganzi.

Basi wewe unayetaka kununua, watu watakwambia pima uzito, pima shabaha, angalia kama inakwama. Sawa, pima. Lakini silaha iliyokwisha kutumika, muulize anayekuuzia risasi yake ilimpata nani, na usilipe mpaka akujibu. Akikuletea mzaha, mwachie bunduki yake, urudi kwako na mikono mitupu.