Kichwa cha Polyxeni

Polyxeni Karatasou alidhulumiwa na watu waliompenda. Kilichoonekana ndani ya kichwa chake kilifika kwa mdogo wake, kwa wifi yake, kwa kasisi, hata kwa mwenye basi alilokuwa akiliendesha. Yeye, mwenye kichwa, hakuambiwa neno. Nasema dhuluma, wala sitafuti neno la upole zaidi.

Alikuwa dereva wa basi la shule hapa Volos, Ugiriki, mjane mwenye sauti iliyoweza kulinyamazisha basi zima kwa chafya moja. Vuli ya 2013 alishikwa na kizunguzungu jikoni. Picha ya CT ikaonyesha doa. Ili doa lifahamike akapelekwa kwenye MRI, akalala ndani ya bomba lile linalogonga kama karakana ya mabati. Alipokuwa akivaa viatu, daktari wa picha alimwita mdogo wake, Thrasos, koridoni. Ndivyo tunavyofanya huku: habari za ugonjwa hupewa jamaa kwanza, nao huamua mgonjwa aambiwe kiasi gani. Daktari alieleza kwamba ni kifuko cha maji kwenye ubongo, kwamba amezaliwa nacho, hakina madhara na kisiguswe. Thrasos alisikia "kwenye ubongo", masikio yakaziba papo hapo.

"Wamesemaje?" Polyxeni aliuliza garini.

"Hamna kitu, dada. Uchovu tu."

"Uchovu? Mbona unalia?"

"Mafua haya."

Tangu hapo mambo yalimchanganya. Thrasos, ambaye hata sikukuu zilimpita bila kubisha hodi, sasa alileta supu ya kuku yenye ndimu kila mchana. Wifi yake Zoitsa, msengenyaji wake wa miaka yote, alimkanda miguu. Kisha mwenye basi akapiga simu: apumzike, basi limepata dereva mwingine. Ikiwa ni mzima, mbona amenyang'anywa usukani? Ikiwa ni mgonjwa, mbona kila anayeulizwa anacheka kwa nguvu na kumwongezea chakula? Aliogopa kuuliza, kisha akaogopa kutouliza. Kizunguzungu chenyewe kilikuwa kimekwisha, na hilo nalo likamtisha.

Siku moja, akitafuta kiberiti mkobani mwa Zoitsa, alishika kibati cha fedha chenye umbo la kichwa, kile tunachomtundikia Bikira kanisani tukiomba kiungo kipone.

"Zoitsa, kichwa hiki cha nani?"

"Cha... cha paka."

"Paka wa wapi huyu, shoga, aliyefunga nywele kishungi?"

"Yesu wangu! Kula kwanza."

"Sili! Nazikwa lini? Maana naona mmealikwa wote ila mimi."

Alivaa koti, akaenda peke yake kwenye kituo cha picha, akagoma kuondoka mlangoni mwa Daktari Vlachou, yule yule wa koridoni. Daktari alimfungulia kompyuta. Polyxeni akauona ubongo wake umekatwa kama mkate, kipande baada ya kipande, na karibu na sikio dimbwi dogo jeupe.

"Haya ni maji," daktari alisema. "Ubongo umekua ukiyazunguka tangu tumboni mwa mama yako. Tazama ukingo ulivyo laini. Kizunguzungu kilitoka sikioni, kimepita. Nilimwambia mdogo wako."

"Na kichwa ni cha mdogo wangu?"

Polyxeni aliporudi na habari hizo, Thrasos alipiga magoti kwa furaha. Dada yake alimkumbatia, kisha akamzaba kofi, na mpaka leo hajui lipi lilikuwa la haki. Lakini mwenye basi alikataa katakata: wazazi wameshasikia kwamba dereva ana "kitu kichwani", nani atamkabidhi mtoto wake? Ikabidi Daktari Vlachou mwenyewe, uso umemshuka, aje kwenye mkutano wa wazazi na picha zile na kurudia, mbele ya mwenye kichwa safari hii, maneno aliyoyamwaga koridoni.

Polyxeni yuko tena kwenye usukani tangu Jumatatu, tarehe 10 Machi 2014, na tangu wiki hiyo katika kituo kile mgonjwa huitwa ndani kwanza, jamaa wakisubiri nje.