Shangazi Tiria na Mbwa Wake Moki

Kila asubuhi kabla ya chai, Shangazi Tiria alikuwa akitoka uani, anachukua yai la siku nyingi kwenye ndoo na kulinusa. Likiwa limeanza kuharibika, anacheka peke yake. "Hili kicheche atalifuata hata kanisani."

Mitego ilikuwa yetu wenyewe. Kila nyumba ya barabara ya mtoni ilikuwa na safu yake ya masanduku ya mbao msituni, ndani mna chuma na yai, kwa ajili ya vicheche na panya wanaomaliza vifaranga vya kiwi, ndege wa msitu wetu anayelia usiku. Yeye ndiye aliyetuanzisha. Nilipokuwa mdogo upande wetu kiwi alikuwa hasikiki kabisa. Halafu mwaka mmoja, jua likizama, tukawasikia wakiitana ng'ambo ya mto, mama akazima redio. Jioni zile nazikumbuka mpaka leo.

Sheria ya shangazi ilikuwa moja. Kiwi haruki, na kifua chake ni laini. Mbwa akimbana tu, kwisha. Mbwa wako akiua kiwi, unaacha kazi ya mitego.

"Na huyo Moki wako anayelala kitandani kama mume?" Mjomba Paratene alimtania.

"Moki ana adabu kukushinda wewe. Na cheti anacho!"

Kweli alikuwa nacho. Moki alifundishwa kuogopa harufu ya kiwi, na cheti shangazi alikibandika jikoni, juu ya jiko. Kwa hiyo msituni hakumfunga kamba.

Jumamosi moja ya baridi niliandamana naye. Moki akatokea kwenye majani na kitu mdomoni, akakiweka miguuni pa shangazi, mkia unacheza. Kiwi jike. Amekufa, bado ana joto.

Nikasema, "Shangazi, hakuna aliyeona."

"Wewe umeona." Akavua sweta, akamfunika ndege.

Kesho yake, watu walipokusanyika kwenye nyumba ya ukoo, alimlaza ndege juu ya mkeka barazani.

"Ni Moki. Nilimwachia mimi."

Bibi Ngāhiraka, mfumaji wa majoho ya manyoya, akaja akamwombea ndege, akampokea kwa kazi yake. Mjomba Paratene akakuna kichwa.

"Dada, usituache basi. Nani atatuongoza? Sheria si tuliikubali wenyewe? Tutailegeza kidogo."

"Angekuwa mbwa wako, Paratene, ningeilegeza?"

Shangazi akamsogelea.

"Sema."

"Usingeilegeza. Ungenifukuza na kelele juu."

Watu wakacheka kidogo. Shangazi akamtia mjomba mkononi ufunguo wa ghala la mitego.

"Safu ya kilimani ina utelezi. Usiende na hizo ndala zako."

Akateremka ngazi, Moki nyuma yake, safari hii kwa kamba. Tulidhani anakwenda kupoza hasira. Alipita lango, akashika barabara ya mjini kwa mwanawe, wala hakurudi.